Kalkuleta ya elfu kumi na tano

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nilitoa 15,000 taslimu, Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Muuzaji alianzia 25,000, mimi nikaanzia 8,000, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili, tukamalizana. Jina lililoandikwa juu ya mashine silitaji kwa sababu nina malalamiko yangu, na kwa namna herufi zilivyobandikwa upande, sina hakika kama mwenye jina anajua limefika huku.

Miezi saba sasa iko kaunta. Nina duka la rejareja Mbagala Rangi Tatu: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, viberiti, mkate. Wateja wananiita Mangi, kama Mchaga, ingawa Moshi sijawahi kufika. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Dar ukishasimama nyuma ya nondo ukauza sukari, wewe ni Mangi, kabila lako litajulikana siku ya msiba.

Kiswahili chake sanifu ni kikokotoo, lakini tangu sakata la kanuni ya mafao ya wastaafu mwaka 2018 ukitaja kikokotoo mbele ya mtu mzima anakunja uso, anafikiria kiinua mgongo chake. Kwa hiyo hapa naandika kalkuleta, kama tunavyosema dukani.

Ni pana kama kiganja cha fundi uashi, ina tarakimu 12 na kioo kilichoinuka kidogo, kiasi kwamba mteja aliyesimama nje ya nondo anaona namba bila kupinda shingo. Hilo peke yake lina thamani ya elfu tano. Mteja akiona mwenyewe jumla inavyopanda, ubishi unapungua nusu. Halafu inaweka alama kila baada ya tarakimu tatu. Ile yangu ya zamani haikuwa nazo, na usiku taa ikiwa hafifu 125000 na 1250000 ni mapacha. Kulikuwa na nyingine ya 12,000 inayotamka kila namba unayobonyeza, kwa Kichina. Muuzaji aliisifia sana. Nikamuuliza mteja wangu wa Charambe ataisikia vipi, akacheka, akairudisha kwenye boksi.

Sola ni uongo. Juu kuna kile kipande cheusi cha kunasa mwanga, na muuzaji aliniapia kuwa hata betri ikiisha itaendelea kula jua. Wiki ya kwanza nikatoa betri, nikaitoa nje saa saba mchana, jua la Mbagala mnalijua. Kioo cheupe, hakuna kitu. Kile kipande ni pambo. Inatumia betri moja kama ya saa ya ukutani, nimeibadilisha mara moja tu, kwa hiyo sina uchungu sana, ila ukinunua yako fanya jaribio hilo palepale kabla hujatoa hela.

Sasa niingie kwenye hesabu zenyewe, kwa sababu humu ndimo nilimoumbuka.

Kuna mama anauza chapati jirani na kituo, kila jioni anachukua mahitaji ya kesho. Siku ya pili tu ya mashine hii alitaka unga wa ngano kilo 4, kilo 2,000; mafuta lita 2, lita 5,500; chumvi ya 500; na sukari nusu, 1,400. Nikabonyeza kama ninavyobonyeza kwenye simu, moja kwa moja: 4 mara 2,000, jumlisha 2 mara 5,500, jumlisha 500, jumlisha 1,400. Ikaleta 44,012,900. Milioni arobaini na nne na ushei. Yule mama akasoma kwenye kioo, akaniangalia, akasema, "Mangi, hiyo si bora ninunue na duka."

Mashine haikuharibika. Kalkuleta ya kaunta inafanya hesabu kwa mpangilio unaobonyeza, haisubiri. Ilichukua 4 mara 2,000 ikapata 8,000, ikajumlisha ile 2 ya lita za mafuta ikapata 8,002, ndipo ikazidisha yote kwa 5,500. Simu inajua kuzidisha kunatangulia, hii haijui. Darasa la tano tulifundishwa kwa wimbo wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), na nilidhani kila mashine imepita darasa la tano.

Dawa yake ni kitufe cha GT, yaani jumla kuu, ambacho nilikuwa nacho hata kwenye kalkuleta ya zamani na sikuwahi kukigusa. Unafanya kila bidhaa peke yake na kumalizia na alama ya sawasawa: 4 mara 2,000 sawasawa, 2 mara 5,500 sawasawa, 500 jumlisha 1,400 sawasawa. Kila jibu inaliweka pembeni kimyakimya. Ukimaliza, GT, inakuletea 20,900. Kwa duka la rejareja hiki ndicho kitufe kilicholeta maana ya kununua. Daftari la pembeni la kuandika 8,000, 11,000, 1,900 kisha kujumlisha limepumzika.

Lakini GT ina tabia yake. Kitufe cha C hakiifuti, cha AC ndicho kinaifuta. Mpwa wangu ninayemwachia duka mchana hakulijua hilo. Baada ya mama chapati akaja kijana wa bodaboda, mikate miwili ya 1,500. Dogo akabonyeza C, akapiga 2 mara 1,500, sawasawa, halafu kwa mbwembwe za kitu kipya akamalizia GT. 23,900. Akamtajia mteja bila kupepesa. Kijana akauliza kama mikate imepakwa dhahabu. Siku hizi nimeandika AC kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi, nimekibandika juu ya kioo.

Jambo jingine, ikikaa dakika chache bila kuguswa inajizima, na jumla yote inaenda nayo. Mteja akisema "ngoja nimpigie mke wangu nimuulize kama na nyanya zinatakiwa", ujue umeanza upya.

Swichi mbili za juu ndizo mbaya kuliko vyote. Moja ina herufi F, kisha CUT, UP na 5/4. Ya pili ina A na namba 0, 2, 3, 4. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Asubuhi moja mtoto wa jirani alikuwa amekaa juu ya kaunta akichezea. Akaja mteja wa unga wa 1,500, sukari robo 700 na maharage ya 2,800. Nikajumlisha. 50.00. Nikarudia. 50.00. Jibu ni 5,000, hilo nililijua kichwani kabla sijamaliza kubonyeza, lakini ukiona mashine inakukatalia mara mbili unaanza kujishuku mwenyewe. Nilikaribia kuifungasha niirudishe Kariakoo.

Ilikuwa ile A. Ikiwa hapo, kila namba unayojumlisha mashine inaiwekea nukta yenyewe, tarakimu mbili kutoka mwisho, ili mwenye kuhesabu dola na senti asihangaike kubonyeza nukta. 1,500 inaisoma 15.00, 700 inaisoma 7.00. Kwa nchi inayotumia senti ni msaada. Sisi senti tulishaisahau. Bibi yangu ndiye alikuwa bado anataja sumni, yaani senti 50, na dala, na dala yenyewe, shilingi 5, sasa imebaki kwenye jina la daladala tu. Sarafu za 10 na 20 sijaziona kwenye droo yangu miaka mingi. Nimerudisha swichi hiyo kwenye 0, ile nyingine nimeiweka F, zote mbili nimezipiga solotepu juu. Mtoto wa jirani bado anakaa kaunta.

Kitufe cha asilimia nakipa aya yake kwa sababu hakikuniletea kicheko, kilileta ugomvi.

Nilimwambia mpwa wangu, katoni ya sabuni tumeinunua 45,000, tuweke faida ya asilimia 10, andika bei ya jumla kwa wenye vigenge. Akapiga 45,000 jumlisha 10 asilimia. Ikaleta 50,000. Akaandika 50,000. Jioni mwenye genge akaja juu kwamba nimepandisha, nikapiga kwenye simu nikapata 49,500. Dogo akasema mashine ndiyo iliyosema. Nikamwambia mashine hainunui sabuni. Tukanuniana hadi usiku, mimi nikiamini amekosea kubonyeza, yeye akiamini simu ndiyo mbovu.

Kumbe wote tulikuwa sawa, na nilikuja kuelewa siku mbili baadaye nikiwa nasubiri wateja mvua ikinyesha. Shilingi 4,500 ni asilimia 10 ya bei niliyonunulia. Shilingi 5,000 ni asilimia 10 ya bei ninayouzia: gawanya 5,000 kwa 50,000 uone. Mashine hii, ukibonyeza jumlisha kisha asilimia, inadhani unauliza la pili. Inatafuta bei ambayo ukiondoa asilimia 10 yake unabaki na 45,000. Ni hesabu halali kabisa, wapo wafanyabiashara wakubwa wanaopanga bei hivyo. Lakini mimi nikisema faida ya asilimia 10 nina maana ya juu ya mtaji, kama mtu yeyote wa Rangi Tatu. Tofauti ni 500 kwa katoni. Ukiwa na katoni 20 ni 10,000, na mwenye genge hawezi kukuelewa ukimweleza habari za swichi na vitufe.

Sasa sikigusi. Nikitaka faida ya asilimia 10 nazidisha kwa 1.1, inanipa 49,500, imeisha. Na kwa wenye risiti za jumla: bei ikiwa na VAT ndani, usiipigie asilimia 18 kujua kodi ni kiasi gani. Kwenye 11,800 kodi ni 1,800, siyo 2,124. Gawanya kwa 118, zidisha kwa 18. Hilo kalkuleta yoyote inaliweza bila kitufe cha pekee.

Kuna hesabu haijui na haitakuja kujua. Sukari ikiwa 2,700 kwa kilo, nusu ni 1,350 na robo ni 675. Nani ana 675? Nauza nusu 1,400, robo 700. Kwa hiyo robo nne zinazaa 2,800, na ile mia ndiyo inayonunua mifuko ya kufungia na kufidia punje zinazomwagika kwenye mzani. Mteja anayenunua robo kila siku analipa zaidi ya anayenunua kilo, na anajua, ila siku hiyo mkononi ana 700. Swichi yenye UP na 5/4 inakadiria nukta, haijui kupandisha hadi hamsini au mia. Nilidhani ndiyo kazi yake, nikapoteza nusu saa nikijaribu.

Halafu kuna maneno. Mpwa wangu alipotoka Kondoa, juma la kwanza, nilimwambia kwa simu aandike kwenye daftari la madeni kuwa fulani anadaiwa laki na hamsini. Akaandika 100,050. Ukimsikiliza sarufi yake, hajakosea. Sisi tunaosema laki na hamsini tuna maana ya hamsini elfu. Tatu na nusu ni 3,500. Mbili mia tano ni 2,500, hakuna anayeielewa vingine. Buku tatu na jero, yaani elfu tatu na mia tano, mtoto wa chekechea anakurudishia kwa tarakimu. Hata kalkuleta hii nikisema ni ya elfu kumi na tano, mgeni wa lugha anaweza kuniletea 10,005. Bei ile nisingekataa.

Chenji ndiyo kazi ambayo mashine hii sijairuhusu kuifanya. Mama yangu aliuza mahindi kwa debe kwenye mnada, shule aliishia darasa la pili, na sikuwahi kumwona akitoa, yaani kuondoa namba ndogo kwenye kubwa. Alikuwa anapanda. Yule mama chapati wa 20,900 akinipa wekundu watatu, yaani noti tatu za elfu kumi, nafanya kama alivyofanya mama yangu. Naweka mia mkononi mwa mteja: ishirini na moja. Noti nne za buku, moja moja: ishirini na mbili, na tatu, na nne, na tano. Naweka noti ya elfu tano juu: thelathini. Mteja anahesabu pamoja nami kwa midomo, tunafika wote, hakuna anayesema "hebu hesabu tena". Mpwa wangu alikuwa anapiga 30,000 kutoa 20,900, inaleta 9,100, halafu anaanza kuitafuta hiyo 9,100 kwenye droo kama mtu aliyepoteza funguo. Amepata jibu lakini hela bado hajaihesabu.

Tena kuna lile ambalo mashine inalichanganya kabisa. Mama chapati akishatoa zile 30,000 anasema, "Ngoja nikutafutie mia tisa, unipe kumi nzima." Mara ya kwanza dogo alibaki kaduwaa na ile 9,100 kiganjani, mia tisa imewekwa kaunta, asijue aongeze au apunguze. Mama akamwambia, "Mwanangu, rudisha hizo zote droo, nipe mwekundu mmoja." Siku hizi analiweza, na mwekundu anautoa kabla mia tisa haijagusa mbao.

Ukiniuliza kwa nini nisitumie simu tu, ambayo inajua MAGAZIJUTO na inanionyesha msitari mzima nilioandika: mikono yangu ina unga na mafuta, simu inaita katikati ya hesabu, na ujumbe wa muamala ukiingia unafunika kioo. Vitufe vya plastiki navibonyeza huku namwangalia mteja. Usiku nikifunga, napiga mahesabu ya siku kwa kalkuleta, na ikiwa droo haikubaliani na daftari narudia kwa simu, kwa sababu msitari ulioandikwa unaweza kuupitia ukaona wapi umeweka sifuri moja zaidi. Kile kitufe cha 00 kimenipa sifuri za bure mara mbili tatu.

Kwa mwenye genge anayeuza mafungu ya 500 na 1,000, asinunue, kichwa chake kina kasi kuliko hiki kidude. Kwa duka lenye wateja wa bidhaa tano sita kwa mkupuo, anunue, lakini siyo kwa 25,000, na asiamini sola, na aende na solotepu mfukoni. Mimi naipa nyota tatu kati ya tano. Ningeipa nne isingekuwa ugomvi wa sabuni.

Tatizo jipya lilianza wiki iliyopita: namba 5 inagoma. Lazima uibonyeze kwa kucha, na wakati mwingine inaingia mbili. Nimeangalia vitufe vyote, 5 na 0 ndivyo vimepauka, 7 na 9 bado vinang'aa kama siku ya kwanza. Bei zangu nyingi zinaishia na jero. Fundi wa redio hapa kituoni anataka 7,000 kuifungua na kusafisha raba. Nimemwambia 2,000. Bado hajaniita.